Mahali Ngoma Mama Inaponyamaza

Méschac alikuwa mtu wa kusema kidogo. Bosi wake Saviour, Mbemba wa Kashikishi, Zambia, aliwatania wateja wa studio: "Ba Méschac bakisalimia mutu, ongezeni sauti." Watu walicheka, na Méschac naye alicheka huku akitazama viatu vyake. Shule aliiachia darasa la sita huko Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na tangu hapo mikono ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Ilitengeneza redio, baadaye simu, na sasa ilichanganya nyimbo za kwaya ndani ya chumba chenye magodoro ukutani, nyuma ya soko la samaki.

Mwaka wa 2017 alivuka ziwa hilo, Mweru, kwa mtumbwi mmoja na Ilunga, rafiki yake tangu utoto. Wengine walibeba sufuria, magodoro, kuku. Ilunga alibeba ngoma ndogo.

"We mutu," mwenye mtumbwi akamfokea, "unakimbia vita na ngoma? Unaenda ku ndoa?"

"Haina uzito, papa," Ilunga akajibu. "Tena inakula kidogo kuliko wewe."

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu walipoacha nyumba zao.

Ngoma ile Ilunga aliichonga mwenyewe. Ubavuni ilikuwa na tundu dogo alilolifunika kwa utando wa buibui, na kila alipoipiga, nyuma ya mlio ulisikika mvumo mwembamba, kama nyuki ndani ya kibuyu. Kule Kenani, kwenye mahema ya wakimbizi, kwaya ilipoundwa, ngoma kubwa alipewa Roger, mbeba magunia ya samaki. Hiyo waliiita mama. Ya kati ilipigwa na Blanchard, kiongozi wa kwaya. Ilunga alibaki na yake ndogo, nayo wakaiita mutoto. Mama ikisema, mutoto anajibu papo hapo, nyuma yake kidogo tu.

Tena waliweka desturi moja. Katika wimbo wao wa kuvuka, wakifika kwenye ubeti wa wale ambao mtumbwi wao haukufika, ngoma zote zilinyamaza kwa mapigo manne. Waimbaji waliendelea na sauti ya chini, midomo imefungwa, mpaka mama ilipowaita tena.

Mwezi wa nane mwaka jana kwaya ilikuja kurekodi wimbo huo. Ilunga aliletwa na mkewe Delphine, amekaa nyuma ya baiskeli kama mzigo, kwa sababu kifua kilikuwa kimemla nusu. Méschac aliweka maikrofoni moja mbele ya kila ngoma. Roger alipiga mpaka vumbi likadondoka kwenye magodoro. Mkono wa Ilunga ulikuwa ukianguka kwenye ngozi zaidi kuliko kupiga, lakini haukukosa hata mara moja mahali pake.

Siku ya kuchanganya, Blanchard alikuwa ameacha agizo moja: ngoma ziwe na nguvu, zisikike mpaka Chienge. Saviour akasema dawa yake ni kompresa. Zamani, Méschac aliposikia neno hilo mara ya kwanza, aligeuka kutafuta friji, na Saviour alimcheka wiki nzima. Sasa alikuwa anajua. Kompresa ni kama mkono juu ya sauti. Sauti ikipanda kupita mstari uliouweka, mkono unaikandamiza. Ikishuka, mkono unaachia. Kisha unainua vyote pamoja, na kilichokuwa kinarukaruka kinasimama kama ukuta.

Unaweza kuiwekea kila ngoma mkono wake. Méschac alifikiri mama, ya kati na mutoto ni nyumba moja, na watu wa nyumba moja hawatenganishwi. Alizifunga tatu katika kundi moja, akaweka kompresa moja juu ya zote, akakaza. Ukuta ulitokea kweli. Saviour alipiga meza: "Mwebantu, jamani! Hii ni ngoma!" Blanchard alikuja na simu yake, akasikiliza, akakubali, akaondoka na wimbo ndani ya simu. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwaya mbili zilikuwa zikingoja mlangoni, na desturi ya studio ilikuwa ile ile: mwenye kazi akikubali, ngoma zote ziandikwe kuwa kitu kimoja, na rekodi ya kila ngoma peke yake ifutwe. Méschac alifuta.

Mvua zilipoanza, Ilunga alikufa.

Wiki tano baadaye Delphine alikuja studio peke yake. Matanga yangefungwa Jumamosi ya wiki ile, na wimbo ungepigwa mbele ya watu wote.

"Shemeki," alisema, akimwonyesha simu, "nasikia Roger. Nasikia Blanchard. Nasikia ata mama Pierrette na ile sauti yake ya mbuzi. Bwana yangu iko wapi?"

"Iko mule," Méschac alisema.

"Mule wapi? Nimesikiliza mpaka sikio inauma. Batoto bananiuliza, ngoma ya papa njo gani? Nakosa ya kubaonyesha."

Méschac alitazama viatu vyake. "Kuya siku ya ine."

Akakaa na wimbo ule siku mbili. Alipofungua kundi la ngoma peke yake, bila waimbaji, ndipo alipoona alichofanya. Mutoto alijibu nyuma ya mama kidogo tu, na pale pale mkono wa kompresa, ulioitwa na pigo la Roger, ulikuwa bado umekandamiza. Kila Roger alipopiga, mashine ilishika nyumba nzima kwa ajili yake, na aliyekuwa mdogo akaenda chini. Méschac alipunguza sauti nzito, akainua nyembamba, akasogeza hiki na kile. Pale palipokuwa na mkono wa Ilunga alipata kitu kama ukucha juu ya kitambaa. Ilikuwa kama samaki aliyekwisha kukaushwa. Huwezi kumrudishia maji yake.

"Rekodi mutoto mupya," Saviour alimwambia. "Roger apige pole pole, unaweka juu. Mama Delphine atajua namna gani?"

Méschac alizima kompyuta, akaenda zake. Lakini usiku hakusahau maneno hayo, na asubuhi, peke yake, alijikuta akigonga meza kwa vidole, akijaribu kupiga kama Ilunga.

Alhamisi, ile siku ya nne, Delphine alifika na mzigo umefungwa kwa kitenge. Ndani yake ilikuwa ngoma.

"Nimeileta ikusaidie kutafuta," alisema. "Usikie vile inalia."

Aliigonga kwa kiganja. Ilitoa mlio mkavu. Utando wa buibui ulikuwa umepasuka na nyuki hakuwemo. Saviour, aliyekuwa mlangoni, alimkonyeza Méschac: chombo kimejileta chenyewe. Méschac aliitazama ngoma, akamtazama mwanamke, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyozoea.

"Mama Delphine, nilimupoteza. Nilifunga ngoma zote mu kundi moja, nikafinya. Roger akipiga, mashine inakandamiza bote. Kisha nikafuta ile ya Ilunga yenye ilikuwa peke yake."

"Ukafuta."

"Nikafuta."

"Na wakati ulikuwa unafinya, shemeki, haukusikia kama kuko mutu anapotea?"

"Sikusikia. Nilikuwa nasikiliza Roger."

Saviour alitoka nje polepole. Kisha Delphine akanyoosha mkono kuelekea hedifoni. "Nipe. Ngoma tu. Sitaki baimbaji."

Alisikiliza akiwa amefumba macho, ngoma ya Ilunga mapajani. Wimbo ulipofika kwenye yale mapigo manne ya kimya, aliinua kidole.

"Rudisha."

Méschac alirudisha. Mara tatu, mara nne. Mwishowe akabandika sikio lake upande mmoja wa hedifoni.

Hapo mama ilikuwa imenyamaza. Mkono wa kompresa haukuwa na kitu cha kukandamiza, ukaachia, na kilichokuwa chini kabisa kikapanda juu. Ilikuwa pumzi. Ilivutwa mara mbili, na mwishoni ikapiga mluzi mwembamba. Nyuma yake utando wa buibui, uliokuwa karibu na kifua, ulitetemeka. Méschac alikuwa ameisikia mara nyingi siku ile ya kuchanganya, akadhani ni upepo kwenye mabati. Katika wimbo wenyewe sauti za waimbaji ziliifunika.

"Njo ye, bwana yangu," Delphine alisema. "Anavuta mbili mbili. Nililala pembeni ya ile kifua mwaka muzima."

"Niitoshe mu ngoma, niiweke juu ya baimbaji?"

"Hapana. Kwaya ibakie na Roger yabo. Jumamosi bantu basikie nguvu, ni mambo yabo. Hii nipatie mu telefone, na kwako usibakishe."

"Mama Delphine, unisa..."

"Usiseme. Sikiliza kwanza."

Wakasikiliza tena, kila mmoja na upande wake. Mluzi, utando, kisha pumzi moja fupi, ya mtu anayeinua mkono ili apige. Halafu pigo la Roger likaanguka, na Ilunga akaenda chini.

"Kata mbele ya Roger," Delphine alisema.

Mara ya kwanza Méschac alikata mapema, na pumzi ile fupi ikapotea. Delphine hakumkemea. Alisema tu, "Rudisha." Mara ya pili Méschac alikata mahali pake, pumzi ikiwa imevutwa, mkono ukiwa bado juu, na ngoma haijalia.

Aliihamishia kwenye simu ya Delphine, kisha, mbele ya macho yake, akaifuta kwenye kompyuta.