Winchi Iliyonyooka Kupita Kiasi

Mtakayosoma hapa mtasema nimeyaota, na siwalaumu. Nisingeyaona kwa macho yangu, hata mimi ningebisha.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anafundisha kwenye karakana ya shule, chumba ambamo watoto hujifunza kwa kutengeneza vitu: mbao, maboksi, waya, gundi. Kushika msumeno nilimfundisha mimi, mtu asijifanye kasahau. Mtoto akikwama, mpwa wangu hutia mikono mifukoni mwa aproni na kuuliza maswali. Kazi ya mtoto haigusi, hata kama inaanguka.

Basi akaja mtafiti wa chuo, kuchunguza watoto wanajifunza nini wanapounda kitu kwa mikono yao. Shule ina karakana mbili, naye alitaka kuchagua moja akae nayo mwaka mzima. Siku za mwanzo zote akazimalizia chumba cha pili, kwa mwalimu tuliyempachika jina Bi Pasi, maana hata vigari vya wanafunzi wake vimenyooka, utadhani vimetoka dukani. Mpwa wangu kutwa akawa anapita dirishani pale, eti anatafuta gundi, na kabati lake limejaa gundi. Nyumbani anaosha vyombo kana kwamba vimemtukana.

"Mjomba, leo wamecheka pamoja," akaniambia. "Kwangu hata kiti hajakalia."

Wivu ukampanda kichwani. Watoto walipoondoka, akatoa mikono mifukoni. Winchi yao ya maboksi, ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa imelala upande kama mlevi. Akainyoosha, akahamisha kamba, akaipaka rangi. Brashi nilimshikia mimi.

Asubuhi mtafiti akaingia, akamuuliza msichana mmoja kwa nini kamba imepita juu ya kijiti kile.

"Sijui," akajibu. "Yetu haikuwa hivi."

Mpwa wangu akajitokeza. "Nimeigusa mimi," akasema. "Niliona wivu."

Akaifumua mbele ya wote, akairudisha mikono mifukoni. Watoto wakaanza upya kwa ugomvi, kila mmoja akieleza kwa nini ya mwenzake itaanguka. Mtafiti akavuta kiti, akaandika mpaka kengele, na chumba alichochagua kikawa hicho. Lakini hata sasa, akimwona mtafiti anamsalimia tu Bi Pasi, mpwa wangu ananuna mpaka jioni.

Na hiyo winchi ilipomalizika, ilininyanyua mimi mzimamzima, na tumbo hili, mpaka kichwa kikagonga da—

"Mjomba," anasema, kumbe anasoma nyuma ya bega langu, "ilinyanyua chaki."