Panya Mwenye Mistari Mitatu

Watu wakisikia shemeji yangu anapiga picha macho ya panya, wanacheka. Wacheke! Hata mimi niliyeoa mdogo wake nilicheka, mpaka aliponitafutia kazi ya kuosha vizimba pale maabara nikamwona kwa macho yangu. Usione vyaelea, jamani.

Chumba chake hakina dirisha. Panya akishalala kwa dawa ya usingizi, anamlaza juu ya kitambaa cha umeme asipate baridi, anamwinua kidevu kwa kidole kimoja, kisha anamdondoshea tone la kulainisha jicho. Chupa huipasha kwanza kwapani. "Wewe ungependa kumwagiwa baridi jichoni?" aliniuliza nilipomtania. Halafu anabana pumzi, mashine inalia, na nyuma ya jicho la panya inatokea kwenye kioo: neva katikati, mviringo kama kisosi, na mishipa ya damu ikitawanyika kutoka hapo. Mashine hiyo hupima unene wa nyuzi za neva. Panya wetu wengi wamepandishwa presha ya jicho makusudi, nyuzi zinakonda wiki hadi wiki, na daktari mkuu anajaribu dawa ya kuziokoa.

Ugonjwa huohuo ndio alionao mama yao, mama mkwe wangu. Anaona mbele tu, pembeni giza. Hakuna mlango nyumbani kwake ambao haujamgonga bega. Kwa hiyo shemeji hakuwa anahangaika na panya tu, na sote tulilijua hilo.

Basi Jumatano moja, loh! Panya mwenye mistari mitatu mkiani, ambaye nyuzi zake zilikuwa karibu kwisha, akapimwa, zimejaa tele. Neva imerudi! Daktari akapiga makofi, akawapigia simu wakubwa zake. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikampigia mama mkwe: "Mama, dawa imepatikana! Utaona tena!"

Shemeji peke yake hakushangilia. Alikaa na picha mbili, ya zamani na mpya, mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake akamwita daktari, mimi nikiwa mlangoni na ndoo yangu.

"Daktari, huyu si yule. Tazama mshipa huu wa juu. Mwezi uliopita uligawanyika hapa, karibu na neva. Jana uligawanyika kule mbali. Neva inaweza kukonda, lakini mishipa ya damu haihami nyumba."

"Labda ulimlaza vibaya."

"Ningependa iwe hivyo kuliko mtu yeyote humu ndani," akasema. "Lakini sikumlaza vibaya."

Mimi nilijua palepale. Ile mistari ya mkiani huchorwa kwa kalamu. Hufutika, na kazi yangu ni kuichora upya kila Ijumaa kabla haijapotea. Kuna wiki nilijisahau, na nilipokumbuka nikakuta panya wawili wa kizimba kimoja, mikia yao mitupu. Nikabahatisha. Kumbe wa mistari miwili, mmoja wa wachache walioachwa wazima wa kulinganishia, nikampa mitatu, wa mitatu nikampa miwili. Nani angejua? Panya ni panya! Basi pale mlangoni nikajitia hamnazo, nikaendelea kupiga deki.

Shemeji alipitia panya wote arobaini, jicho moja moja, siku mbili, bila kununa. Waliobadilishana ni wale wawili tu. Mambo yalipopangwa upya, ukweli ukawa huu: dawa inachelewesha uharibifu, basi. Neva iliyokufa hairudi. Daktari, nampa heshima yake, aliwapigia wakubwa zake simu ya pili.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukaenda kwa mama. Shemeji akafungua kabati kutafuta matone yake ya hospitali, hakuyaona.

"Nimeyasukuma huko nyuma ya masufuria," mama akasema, anacheka. "Ya nini tena? Si mkwe wangu kasema mnaniletea dawa mpya?"

Siku kumi hakuwa ametia hata tone moja. Siku kumi, kwa ajili ya mdomo wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji akakaa chini, karibu na magoti yake. "Mama, tulikosea. Hakuna kilichorudi."

Tulikosea! Anajua fika kalamu ile ni ya nani, na hata jicho hakunitupia. Hapo nikashindwa. "Si yeye, mama. Ni mimi. Nilibahatisha alama za panya, halafu nikakimbilia simu."

"Kwa hiyo kilichokwenda kimekwenda," mama akasema. "Na kilichobaki?"

"Kilichobaki tunaweza kukilinda," shemeji akamjibu.

"Basi nipeni chupa yangu."

Shemeji akaipasha kwapani, akamwinua mama kidevu kwa kidole kimoja.

"Unanishika kama panya wako," mama akanung'unika.

"Panya wangu hawana maneno mengi. Tulia."

Alipomaliza, mama akanitafuta. Ilibidi ageuze shingo yote ndipo anione. "Na wewe bwana simu," akasema, "kuanzia leo simu yako ina kazi."

Tangu hapo, saa moja asubuhi na saa moja jioni, napiga. "Umetia, mama?" "Nimetia, mwanangu." Huu ni mwaka wa pili, na sijachelewa hata mara moja.