Resori na kuku ya Mama Neema

Mungoje nimalize kwanza, kisha mucheke. Miye natengenezaka saa hapa mu mutaa wa Bigo, na watu wanasemaka mikono yangu haitetemeke. Juma iliyopita muzee mumoja wa Tchomia aliniletea aparei ya kupiga foto ya marehemu baba yake. Obturatere, ule mulango kidogo wenye kufunguka na kufungika mu lensi, ilikuwa imekwama.

Kesho yake asubuhi nilisugua turnevisi yangu, ile bisibisi ya kufungulia visi, ku sumaku ya radio ya zamani, ili visi ndogo zishikamane nayo, zisianguke. Nikafungua aparei mu kiwanja. Resori ya mwisho, ule waya wa kujikunja na kuruka, nyembamba kama unywele, ikaruka. Nikachomeka turnevisi nyuma ya sikio, nikapiga magoti, nikapapasa mavumbi yote. Pale ndiyo nikaona kuku ya jirani yangu, Mama Neema, inadonoa.

"Mama, kuku yako imemeza resori!"

"Papa Josi, hii kuku inatagaka kila siku."

"Aparei ya muzee haiwezi kufa sababu ya kuku."

Mama Neema akakamata kuku. Alileta kisu. Tukaichinja, tukapasua firigisi: mahindi na muchanga, basi.

"Tafuta muzuri," nikamwambia, nikitoa turnevisi nyuma ya sikio ili nimuonyeshe kona yenye hakuangalia. "Iko pale!"

Mama Neema hakuangalia firigisi. Aliangalia ncha ya turnevisi, penye resori ilikuwa inaning'inia, inacheza polepole.

"Papa Josi," akasema, "kuku yangu ilikosa nini?"