Gari Bovu Limeondoka, Namba 117 Yuko Wapi?

Saa mbili na nusu asubuhi, na mwanamke anayeitwa Ramani anapiga simu ileile kwa mara ya sita. Amesimama kwenye korido ya hospitali ya mkoa, mbele ya mlango wenye karatasi iliyoandikwa UTAFITI, BISHA HODI. Mkono mmoja una simu, mwingine una karatasi ya maabara, ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachounguza.

"Haipatikani," anasema. "Haipatikani, haipatikani. Huyu dada wa kwenye simu hachoki?"

Ramani ni jina la kazini. Wenzake walimbatiza hivyo kwa sababu kazi yake, kwa miaka saba sasa, ni kutafuta watu. Hospitali inalinganisha dawa mbili za shinikizo la damu ili ijulikane ipi inawafaa zaidi wagonjwa, na wagonjwa 212 wamejiunga kwa hiari yao. Kila mmoja ana namba badala ya jina, na mchoro wa njia ya kufika kwake. Mtu asipotokea kliniki, au majibu yake yakija na walakini, Ramani anaingia barabarani.

Leo walakini uko kwa namba 117, mlinzi mstaafu wa miaka sitini na moja. Jana alitolewa damu, akachukua vidonge vya mwezi mzima, akaenda zake akipiga mluzi. Asubuhi hii maabara imekuta potasiamu yake ni 6.4. Ni madini ambayo kila mtu anayo mwilini, lakini yakipanda kiasi hicho yanaweza kuuvuruga moyo mpaka ukasimama. Na kidonge anachotumia kinaweza kuyapandisha zaidi.

"Anameza saa sita mchana, baada ya chakula," anasema daktari wa utafiti, kidole kikiwa juu ya faili. "Cha leo asikimeze. Mlete hapa."

"Na gari?"

"Limepeleka chanjo vijijini."

"Basi miguu ipo."

Anavua koti jeupe na kitambulisho, anaviacha kwenye kiti. Hilo ni sharti la kazi. Mgonjwa ana haki ya siri yake, jirani hatakiwi kujua kwamba hospitali inamtafuta mtu. Kwa hiyo Ramani hutoka getini kama mtu anayekwenda sokoni, na watu humalizia wenyewe. Ameshadhaniwa muuza sabuni, mhubiri, na mara mbili mke mdogo.

"Mke mdogo wa mzee wa miaka themanini," anasema huku akikaza mwendo. "Angalau wangenitafutia mwenye meno."

Kwa siku hutembea kama kilomita tisa. Viatu jozi tatu kwa mwaka, kwa fedha yake. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi. Alianza hapo hospitalini akiosha chupa za maabara, mpaka siku mgonjwa mmoja alipopotea na yeye akawa pekee anayejua vichochoro.

Mchoro wa namba 117 unasema: kutoka mnara wa simu, nenda hadi gari bovu la njano, kata kushoto, nyumba ya tatu. Mwandiko ni wa Ramani mwenyewe.

Saa nne na dakika ishirini anafika. Mnara upo. Gari halipo.

Anasimama katikati ya barabara, karatasi mkononi. Upande wa kushoto kuna vichochoro sita, vyote vya mabati yaleyale na kamba zilezile za nguo.

"Mama, samahani," anamwita mwanamke anayepima mkaa. "Lile gari bovu la njano?"

"Limepona."

"Limepona?"

"Wiki ya tatu sasa. Linazunguka mjini linapiga honi utadhani lina harusi."

"Lilikuwa limekaa wapi?"

"Mimi mgeni hapa, nimehamia juzijuzi. Muulize fundi aliyelitibu, ila gereji yake siijui."

Ramani anayo sheria yake: mchoro usitegemee kitu chenye miguu, kitu cha kupakwa rangi wala kitu cha kuuzwa. Sheria hiyo amewafundisha vijana wanne wa kazi hiyo. Halafu yeye mwenyewe akaandika gari.

"Lilikuwa pale tangu nikiwa darasa la tano," anasema, na utani umeisha sautini mwake. "Kuku walikuwa wanatagia kiti cha dereva. Ningejuaje?"

Anabisha milango. Jina lake rasmi hakuna anayelijua, huku kila mtu ana jina la mtaani. Akiuliza mzee aliyekuwa mlinzi, anajibiwa kwamba wazee wote wa hapo walikuwa walinzi, amtaje yule ambaye hakuwa akisinzia kazini. Nyumba ya kumi na moja inamfungulia mbwa. Saa tano na robo. Anapiga simu tena. Dada wa kwenye simu bado yuko kazini.

Gereji anaikuta nyuma ya kinu cha kusaga. Gari la njano lipo, limeinuliwa kwa jeki, na chini yake inatoka miguu ya mtu.

"Fundi, hili gari ulilitoa wapi?"

"Haliuzwi, dada," miguu inajibu.

"Sinunui. Nataka mahali. Mahali lilipokuwa limelala."

Fundi anajivuta nje, anamtazama usoni, anaona si mzaha. "Tulilikokota kwa kamba siku nzima. Mimi naweza kupasahau, kiuno changu hakiwezi. Panda."

Saa sita kasoro dakika kumi, gari linasimama kando ya doa jeusi la mafuta, pana kama mkeka. Miaka yote ile ya kuvuja. Ramani anashuka kabla halijatulia. Kushoto. Moja, mbili, tatu.

Mlangoni kuna mwanamke wa makamo, ndoo mkononi.

"Shikamoo mama. Mzee yupo?"

"Marahaba. Mzee yupi, na wewe nani?"

"Nina ujumbe wake."

"Nipe, mimi ndiye sanduku la barua."

"Ni wa kwake mwenyewe, mama. Tafadhali niitie."

"Binti, jana karudi anapiga mluzi. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, sijawahi kumsikia mluzi. Leo unakuja wewe na ujumbe." Anaweka ndoo chini, katikati ya mlango. "Huyo hatoki mpaka ujieleze."

Juu ya bega la mama huyo, kwenye dirisha, Ramani anamwona. Mzee amesukuma sahani pembeni. Mkono mmoja una bilauri ya maji, mwingine unaelekea mdomoni.

Kwa miaka saba hajawahi kuitoa siri ya mgonjwa hata mmoja.

"Mzee! Usimeze! Usimeze kidonge!"

Mkono unaganda hewani. Mtaa nao unaganda. Kisha mama anageuka polepole.

"Kidonge gani?"

Mzee anajaribu kuinuka, miguu inamkatalia. Tangu alfajiri ilikuwa inalegea, atasema baadaye, akadhani ni uzee umeamua kufika siku moja wote. Fundi na mke wa mzee wanambeba mpaka kwenye gari.

"Tulieni," fundi anasema, akikanyaga mafuta. "Lilikuwa banda la kuku, sasa ni ambulensi."

Hospitalini, kipimo cha moyo kilionyesha mapigo yameanza kukosa mpangilio. Walimtundikia dripu, wakamlaza. Jioni potasiamu ilishuka hadi 5.6, kesho yake 4.9, kiwango cha kawaida. Daktari anasema kidonge kile cha saa sita kingeweza kuwa cha mwisho.

Ramani naye aliandika taarifa yake siku hiyohiyo: gari bovu, mchoro mbaya, siri iliyotoka kwa kelele. Kamati ya maadili itakaa wiki ijayo, na baada ya hapo ndipo atajua kama mkataba mpya upo. Amepunguza kula. Hata hivyo ameanza kuzungukia michoro yote 212, mmoja baada ya mwingine, na kufikia juzi alikuwa amekagua kumi na tisa. Amekuta mageti mawili yaliyobadilishwa rangi na kioski kilichohamia ng'ambo ya barabara.

"Wakinitoa, atakayekuja akute njia zimenyooka," anasema. "Wakiniacha, nataka nimalize zote kabla ya kliniki ya mwezi ujao."

Wa ishirini ni namba 117, wodini, kitanda cha dirishani. Sasa Ramani anajua kwa nini mzee alimficha mkewe ugonjwa: aliogopa akisikia habari ya shinikizo atampikia bila chumvi. Sahani iliyoko mapajani mwake inathibitisha kwamba hofu ilikuwa ya kweli.

"Haya mzee, tuanze upya. Kutoka mnara wa simu?"

"Unakwenda hadi doa la mafuta..."

"Na mvua ikinyesha?" mkewe anamkata. Anachukua kalamu, anaandika namba yake ya simu, anairudia chini yake kwa tarakimu kubwa zaidi. "Andika: uliza mke wake. Mimi sihami."

Limebaki swali moja kwenye fomu, na Ramani analisoma kama lilivyo, bila kumtazama mtu. Je, kuna mtu wa nyumbani anayeruhusiwa kujua?

Mzee anaitazama sahani. Anamtazama mkewe.

"Yupo," anasema, na kuanza kula.