Tulizunguka Mbulu na Hanang kutafuta punda, tukaishia kuuziwa punda wa mtu

Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi humu ni wa kusoma comments na kuondoka kimyakimya. Leo nimekuta mtu anauliza punda mzuri anapatikana wapi, hasira yangu ya zamani ikaamka. Nitakayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe, na sina haja ya kuyaongezea chumvi.

Ilikuwa enzi zile mashamba ya ngano ya serikali bado yanalimwa kule Hanang. Mimi niko form two, bweni, likizo niko nyumbani Maretadu, Mbulu. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba mwalimu akiniita jina machozi yanatoka. Nikawa naandika diary, maana mdomo haukunisaidia.

Likizo hiyo mama alitoka hospitali Haydom, amefanyiwa operesheni. Daktari alimkataza kabisa kubeba kitu kizito.

Sasa maji yetu yako bondeni. Kushuka sawa, kupanda na ndoo kichwani ni adhabu. Kaka yangu alikuwa kibarua kwenye ngano huko huko Hanang. Wadogo zangu bado wadogo. Nimebaki mimi.

Baba akasema wazi, tena mbele ya mama: "Tukipata punda kabla shule hazijafunguliwa, unarudi shule. Tusipopata, unabaki."

Nikaingia ndani nikalia. Kisha nikavaa viatu, nikamfuata kutafuta punda.

Wa kwanza tulimkuta mnadani Dongobesh. Punda dume, amesimama vizuri, mgongoni amefunikwa gunia. Muuzaji kijana wa mjini mjini, maneno mengi. Baba akauliza gunia la nini.

"Baridi mzee wangu. Punda wangu namtunza kama mtoto."

Jua lilikuwa linawaka, wakuu. Baridi ipi?

Baba akaendelea kusalimiana na watu anaowafahamu. Mimi nikasogea, nikainua lile gunia. Kidonda. Kikubwa kama sahani, kimepakwa oil chafu ya gari ili nzi wasikae na rangi ifanane na manyoya.

Yule kijana akacheka kwa nguvu watu wasikie: "Binti, unanunua punda au unamfunua mgonjwa shuka?"

Watu wakacheka. Nikajificha nyuma ya koti la baba. Hadi leo natafuta jibu la kumpa yule kijana.

Wa pili tulimfuata Hanang. Kaka alituletea habari kwamba kuna mfugaji anauza punda jike. Tukapanda lori hadi kwenye ngano, kisha tukatembea. Ngano pande zote hadi macho yanachoka, na njia ya mifugo imebaki nyembamba pembeni.

Punda tukamkuta ana tumbo hilo! Mwenye punda anatabasamu.

"Ana mimba. Mnanunua mmoja mnaondoka na wawili."

Baba akafurahi, na mimi nikafurahi. Nilishaanza kujiona kwenye uniform.

Tukiwa bado tunaongea, punda akalala chini, akaanza kuguna na kujipiga miguu tumboni. Mimba gani hiyo? Alikuwa amevimbiwa. Aliingia kwenye ngano iliyomwagika karibu na ghala, akala hadi akashindwa kupumua.

Baba akamuuliza: "Sasa huyu ndiye wa kuniuzia?"

Yule mfugaji hakuona aibu hata kidogo. "Malisho yetu yamelimwa yote. Ulitaka ale nini, barabara?"

Nilikasirika, lakini kwa hili alisema kweli. Tukarudi mikono mitupu.

Siku zinakwisha. Nikaanza kuota ndoo.

Wa tatu ndiye aliyetumaliza. Kulikuwa na mzee mmoja kata ya jirani, nitamwita Mzee T. Anaheshimika, kanisani anakaa mbele, harusi haianzi bila yeye. Akamwambia baba: "Njoo uangalie punda wangu mmoja, sina kazi naye."

Wakuu, yule jike alikuwa mzuri. Mgongo safi, kwato nzuri, mtulivu. Nilimshika shingo akanilalia begani.

Ila nikaona kitu. Punda wengine wote wa pale walikuwa na alama moja ya kukatwa sikioni. Huyu alama yake ilikuwa tofauti kabisa.

Niwaeleze msiojua mila za kwetu. Watu wa kwetu hawaweki mifugo yote nyumbani. Unampelekea rafiki yako wa mbali baadhi akufugie, ili ugonjwa au ukame ukija usikumalize. Kwa hiyo mnyama aliyeko bomani kwa mtu si lazima awe wake. Na kuuliza "huyu ni wa nani?" ni utovu wa adabu. Ni kama unamwambia mtu mzima kwamba hana mali.

Nikamvuta baba koti, nikamnong'oneza: "Baba, muulize kama ni wa kwake."

Baba akanikata jicho. "Mtu mzima haulizwi hivyo."

Baba akatoa mtamba wetu wa ng'ombe kuwa malipo, tukaondoka na punda. Mama alipomwona akibeba madumu manne kwa mara moja alipiga vigelegele hadi tukamwomba akae chini asijiumize mshono.

Nikafungasha sanduku.

Shule zilikuwa karibu kabisa kufunguliwa alipofika mzee mmoja mfugaji kutoka Hanang, fimbo mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Akakunywa chai. Kisha akasema kwa upole: "Mwenzangu, huyu punda ni wangu. Mashamba ya ngano yalipochukua malisho nilimwacha kwa rafiki yangu. Nimesikia yuko kwako."

Akamwita punda kwa kilugha chao. Punda akainua masikio, akamfuata.

Alama ilikuwa yake, majirani wakathibitisha. Baba mwenyewe ndiye aliyefungua kamba.

Tukaenda kwa Mzee T. Nilifikiri ataomba msamaha. Akamwangalia baba usoni, akasema: "Kwani uliniuliza kama ni wangu?"

Baba akainamisha kichwa!

Mtamba wetu? Alishampeleka kwenye mahari ya mwanawe. Wazee wakakaa, wakaamua atatulipa ndama ng'ombe wake akizaa. Huyo ng'ombe hadi leo hajazaa.

Wenzangu walipopita barabarani na masanduku, mimi nilikuwa napanda kutoka bondeni na ndoo. Mmoja aliniita jina. Sikugeuka.

Shule nilirudi mwaka uliofuata, mama alipopata nguvu. Nilikaa darasa moja na watoto niliowaacha nyuma, na nikamaliza. Lakini mwaka wangu ule nani atanirudishia?

Somo langu, wakuu: inua gunia, shika tumbo, angalia sikio. Na uliza mnyama ni wa nani, tena uulize mbele ya watu, hata kama muuzaji ana mvi hadi kwenye nyusi.

Mwaka huu nilienda nyumbani kumnunulia mama punda. Muuzaji mzee, anaheshimika. Nikampa shikamoo yake kamili, kisha nikamuuliza kwa sauti: "Mzee, huyu punda ni wako?"

Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, kisha nikarudia swali langu. Akakasirika, akafungua punda wake akaondoka.

Njiani baba akasema: "Umemwaibisha mtu mzima."

Nikamjibu: "Ndiyo, baba."

Tukaendelea kutembea, punda hatuna. Sijutii.

Haya, na wewe uliyewahi kuuziwa mnyama wa mtu, au mgonjwa aliyepakwa oil, tuambie ilikuwaje. Na wanaosema nilikosa adabu karibuni pia, leo siondoki kimyakimya.