Tawi la Upande wa Cherehani

Ilianza Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, mama alipokwenda Msamvu kununua zipu akaniachia mti.

Mkungu wetu hapa Kihonda ulipandwa nikiwa darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu na umeshapita paa. Matawi yake hulala pembeni, mapana kama mikeka. Moja lilikuwa linagusa waya wa umeme. La upande wa pili ndilo mama anashonea chini yake, maana ndani ni bati tupu na presha yake haitaki joto. Aliniambia mara mbili: la waya likatwe, la cherehani lisiguswe. Mzee mmoja mkata miti, aliyeitwa na mama, yeye aliambiwa tu aupunguze mti. Mengine ningemwonyesha mimi.

Nilimwamkia, nikamwonyesha la waya, likaanguka vizuri. Nikawa naburuta vitawi nyuma ya nyumba aliponiita kutoka juu, "Mjukuu, na hili la huku niondoe?"

Nikaitika, "Abee."

Mimi nikiitwa na mtu mzima naitika kwanza, halafu namsogelea nimsikilize. Ndivyo nilivyolelewa. Kumjibu kwa kupaza sauti kutoka mbali siwezi, hata darasani nanyoosha kidole huku naomba mwalimu asinione. Nikatua mzigo, nikaja. Nilipokata kona msumeno ulikuwa umeshaingia.

Nilisema siyo hilo. Nilisema kweli, ila kwa sauti yangu hii. Akanipungia mkono nikae mbali nisije nikaangukiwa. Nikakaa mbali. Tawi likainama polepole, likalia, likaenda. Jua likamwagika juu ya cherehani na gauni la mteja lililokuwa pale.

Aliposhuka nikamweleza, machozi yakiwa karibu kunitoka. Alishangaa kabisa.

"Si umeitika, mjukuu wangu?"

"Niliitika, babu. Sikukubali."

Akautazama mti, akanitazama mimi. Akasema mkungu hauchelewi, mvua zikipita mara mbili tatu utakuwa umefunika tena. Mara mbili tatu, na mama anashona kila siku.

Mama aliporudi alisimama na mfuko wake wa zipu mkononi. Nilingoja anigombeze, ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, "Sasa nitakaa wapi?" Kisha akaingiza cherehani ndani. Jioni alikuwa amejifunga kanga kichwani, anasema kichwa kinamgonga.

Asubuhi yake niliamka kabla yake, nikafunga kanga mbili kutoka kwenye shina la mkungu hadi kwenye nondo za dirisha, nikaketi chini yake kuona kama panakalika. Palikalika. Kisha jua likapanda, kivuli kikahamia ukutani, nikafungua fundo nikalisogeza. Kikahama tena. Mama alitokea mlangoni na kigoda chake, akasimama kuniangalia, nami nikawa bado nafungua fundo.