Mwano wa Ng'ombe wa Mbao

Watu wa Shinyanga humtania Paskazia, Mama Lusia, kwamba ndiye mfugaji pekee ambaye ng'ombe wake hawajawahi kula majani. Yeye huwaacha wacheke. Anatunza na kuendesha bembea ya kuzunguka katika bustani ya mjini, na ukimuuliza kazi yake atakujibu bila kupepesa macho kwamba anafuga.

Bembea hiyo ililetwa zamani na tajiri mmoja wa pamba, ikiwa na farasi wa mbao. Tarsisi, mume wa Mama Lusia, aliiendesha mpaka mchwa wakawamaliza farasi, na yeye mwenyewe akafariki. Mama Lusia hakutaka farasi tena. Nani Usukumani anafuga farasi? Alimwita seremala Agapiti wa Kolandoto, akamchongea ng'ombe wenye nundu, kila mmoja akapewa jina kwa rangi yake kama zizini kwa baba yake. Watoto wakajaa.

Asubuhi moja akakuta wanunuzi wa vyuma chakavu wameshawang'oa ng'ombe na kuwatupa nyasini, wanaanza kukata nguzo ya katikati.

"Mama, chuma hiki hakina mwenyewe," mkubwa wao alimwambia.

"Kina mwenyewe. Mimi hapa."

Wakaendelea kukata. Mama Lusia hakuwa na kingine cha kumkumbukia Tarsisi. Basi akapiga mwano, lile yowe ambalo Wasukuma hulipiga ng'ombe wakiibwa.

Mwano ukisikika hakuna anayebaki ndani. Wakaja wauza mchele, waendesha bodaboda na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakielekea machimboni Mwakitolyo, wote na fimbo, wakiongozwa na Mzee Maige wa sungusungu, walinzi wa jadi.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza akihema.

Akawaonyesha nyasini. Mtu mmoja akacheka, Mzee Maige akamkata jicho. Mwano wa uongo una adhabu yake, na Mama Lusia alilijua hilo vizuri. 

Mzee aliinama akampapasa nundu ng'ombe mwekundu. "Huyu mjukuu wangu humpanda kila Jumapili," alisema. "Kumbe wanamwiba. Na sisi tukishaitikia mwano, haturudi nyumbani mpaka ng'ombe warudi zizini."

Wanunuzi walikusanya misumeno yao wakaondoka bila kuaga. Wachimbaji wakashika spana, wakaikaza nguzo kwa vyuma pale ilipokatwa, na kufikia jioni kila ng'ombe alikuwa mahali pake. Injini iligoma, wakaisukuma bembea kwa mabega huku wakiimba. Mama Lusia, aliyezoea kupandisha watoto wa wenzake, akapandishwa juu ya yule mwekundu. Alilia na kucheka kwa pamoja, kitenge kikipepea.

Mzee Maige akapaza sauti kwa waliokuwa bado wanakimbilia bustanini kutoka vijiji vya mbali: "Rudini majumbani. Ng'ombe wamepatikana."